Nyambizi U-852: kutoka Kiel hadi ufukwe wa Somalia

Swali la msomaji: Marehemu babu yangu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na aliwahi kukaa Somalia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa akitusimulia kwamba nyambizi ya Wajerumani ilikwama ufukweni huko, na kwamba baadaye nahodha wake aliuawa kwa kupigwa risasi na Waingereza. Je, habari hiyo ni ya kweli? Ilikuwa ikitafuta nini mbali namna hiyo? Na kama kazi ya nyambizi ni kuzamisha meli, kosa la nahodha huyo lilikuwa lipi?

Jibu: Babu yako alisimulia jambo lililotokea kweli. Nyambizi hiyo iliitwa U-852, na ilikwama tarehe 3 Mei 1944 kwenye pwani ya kaskazini-mashariki ya Somalia, kusini ya Rasi ya Hafun, baada ya kuandamwa na ndege za Uingereza tangu siku iliyotangulia. Kamanda wake, Heinz-Wilhelm Eck, alipigwa risasi nchini Ujerumani tarehe 30 Novemba 1945 kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi ya Uingereza. Hata hivyo, hakuhukumiwa kwa kuzamisha meli, wala hilo halikuwamo katika mashtaka yake. Alihukumiwa kwa yale aliyoamuru yatendwe baada ya meli kwisha kuzama, watu wakiwa majini hawana silaha wala pa kukimbilia. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha swali lako, nami nitaieleza kwa kirefu, lakini kwanza inafaa tujue chombo chenyewe na safari yake.

U-852 ilijengwa katika karakana za AG Weser mjini Bremen, ikashushwa majini Januari 1943 na kuanza utumishi rasmi tarehe 15 Juni 1943. Ilikuwa ya aina iliyojulikana kama IXD2, ambayo ni miongoni mwa nyambizi kubwa kabisa ambazo Ujerumani ilizitumia vitani: urefu wake ulizidi mita 87, ilibeba topido 24, yaani makombora ya kupigia meli chini ya maji, na matangi yake ya mafuta yaliiwezesha kwenda zaidi ya maili za baharini 20,000 bila kujazwa upya. Uwezo huo ndio unaojibu swali lako la pili. Kufikia katikati ya mwaka 1943 Atlantiki ya Kaskazini ilikuwa imegeuka kaburi la nyambizi za Kijerumani, kwa kuwa misafara ya meli ilikuwa na ulinzi mkali, ndege za doria zilifika karibu kila pembe, na rada ziliona chombo kilichoibuka hata gizani. Katika Bahari ya Hindi, kinyume chake, meli nyingi za mizigo bado zilisafiri peke yake. Kwa hiyo wakuu wa jeshi la majini la Ujerumani walianza kutuma nyambizi za masafa marefu kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, ziwinde njiani, kisha zitie nanga Penang, katika Malaya iliyokuwa mikononi mwa Wajapani. Kundi hilo lilipewa jina la Monsun, yaani pepo zilezile za msimu ambazo majahazi yetu yamezitumia kwa karne nyingi.

Ikumbukwe kwamba hatari hiyo haikuwa ya kufikirika kwa watu wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari 1944, wakati U-852 ikiwa bado inashuka Atlantiki, nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha meli ya abiria Khedive Ismail karibu na visiwa vya Maldivi. Meli hiyo ilikuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ikiwa imewabeba mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na wanamaji, na karibu watu 1,300 walikufa. Wazee wengi waliotumikia KAR waliifahamu habari hiyo kwa sababu ilizigusa familia zao, na si ajabu kwamba nyambizi iliyokwama Somalia miezi mitatu baadaye ilizungumzwa sana kambini.

U-852 iliondoka Kiel tarehe 18 Januari 1944. Eck alikuwa na umri wa miaka 27 na hii ilikuwa safari yake ya kwanza ya vita akiwa kamanda wa nyambizi, kwani miaka ya mwanzo ya vita aliitumia katika meli za kusafisha mabomu ya baharini. Kabla ya kuondoka aliitwa kupewa maelekezo na maafisa wa makao makuu, mmoja wao akiwa Adalbert Schnee, kamanda mwenye uzoefu mkubwa. Waliyomweleza yalitosha kumkosesha usingizi mtu yeyote. Nyambizi za aina moja na yake, kuanzia U-847 hadi U-850, zilikuwa zimepotea zote kati ya Agosti na Desemba 1943, zikiwa zimezamishwa na ndege. U-848 iliuawa karibu na kisiwa cha Ascension, ambako Wamarekani walikuwa na uwanja wa ndege, na njia ya Eck ilipita katika eneo hilohilo. Alionywa kwamba mabaki ya meli yanayoelea juu ya maji huonekana kwa rubani kutoka mbali na humwonyesha kwamba nyambizi iko karibu.

Kuna jambo jingine lililokuwa limetangulia. Septemba 1942, katika eneo hilo hilo la Atlantiki, kamanda Werner Hartenstein wa U-156 aliizamisha meli ya Uingereza Laconia, kisha akagundua kwamba ilikuwa imewabeba wafungwa wa Kiitaliano wapatao 1,800 pamoja na raia. Hartenstein alianza kuwaokoa, akatangaza kwa redio mahali alipo na kuwaomba hata maadui wasaidie, akatandaza bendera ya Msalaba Mwekundu juu ya chombo chake. Ndege ya Kimarekani kutoka Ascension ilimshambulia hata hivyo, huku mashua zilizojaa watu zikiwa pembeni mwake. Kutokana na tukio hilo, mkuu wa nyambizi za Ujerumani, Karl Dönitz, alitoa amri ya kukataza kuwaokoa manusura wa meli zilizozamishwa. Amri hiyo ilikuwa kali, lakini kutowaokoa watu ni jambo moja na kuwaua ni jambo jingine kabisa, na mpaka huo ndio Eck aliouvuka.

Jioni ya tarehe 13 Machi 1944, U-852 iliifyatulia topido mbili meli ya mizigo ya Kigiriki Peleus, yenye tani 4,695, iliyokodiwa na serikali ya Uingereza, iliyokuwa imetoka Freetown tarehe 8 Machi ikielekea Mto Plate, Amerika ya Kusini, bila shehena. Ilikuwa na mabaharia 35, wengi wao Wagiriki, pamoja na Waingereza, Wamisri, Wachina na wengineo. Meli ilizama kwa dakika chache tu, hata hapakuwa na nafasi ya kushusha mashua. Waliosalimika walishikilia vyelezo vya kujiokolea na mbao zilizokuwa zikielea. Nyambizi iliibuka, ikawasogelea, na maafisa wake wakamhoji mmoja wa maafisa wa Peleus, Agis Kefalas, kuhusu jina la meli, ilikotoka na ilikokuwa ikienda. Baada ya kujibu alirudishwa kwenye chelezo chake.

Nyambizi ilisogea kando kidogo, kisha ikarudi. Eck aliagiza bunduki za rashasha na mabomu ya mkono vipandishwe sitahani na kuamuru vyelezo vifyatuliwe risasi. Mahakamani alisisitiza kwamba lengo lake lilikuwa kuvizamisha vyelezo ili visionekane na ndege asubuhi yake, si kuwalenga watu. Lakini alikiri kwamba alijua watu waliokuwa juu yake wangekufa. Vyelezo havikuzama. Viliendelea kuelea vikiwa vimetobolewa, na nyambizi ikaendelea kuzunguka gizani, ikiwasha taa kutafuta kilichobaki, ikipiga tena risasi, hadi usiku wa manane ulipopita. Ilikaa mahali hapo kwa takriban saa tano.

Ninakuomba uizingatie hesabu hiyo ya saa tano, kwa sababu inaudhoofisha utetezi wake kuliko hoja yoyote ya kisheria. Nyambizi ya aina ile ikiwa juu ya maji iliweza kwenda noti 19, yaani maili za baharini 19 kwa saa. Kwa muda huo wa saa tano Eck angeweza kuwa zaidi ya maili 80 mbali na mahali pale, usiku, bila mtu yeyote kujua alikoelekea. Badala yake alibaki katikati ya ushahidi aliosema anauogopa. Mwanasheria aliyeiongoza mahakama, Melford Stevenson, aliligusa jambo hilo hilo alipowafafanulia majaji kesi ilivyosimama.

Ndani ya chombo watu hawakuwa na moyo mmoja. Mhandisi mkuu, Hans Lenz, alimwendea kamanda na kumwambia kwamba hakubaliani na amri hiyo. Eck alimjibu kwamba ameazimia kuondoa kila alama. Jambo linalosikitisha ni kwamba baadaye Lenz mwenyewe alishika bunduki. Kwa maelezo yake, aliinyakua kutoka kwa baharia Wolfgang Schwender kwa sababu alimwona Schwender kuwa miongoni mwa watu wabaya kabisa chomboni, naye hakutaka yule afisa wa Kigiriki auawe na mkono wa mtu kama huyo. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na bado sijaona inavyoweza kumsaidia mtu aliyetambua kwamba kitendo ni kiovu, akakipinga kwa maneno, kisha akakitenda. Wengine waliofyatua ni afisa wa pili August Hoffmann, aliyerusha pia mabomu ya mkono, na Walter Weispfennig, ambaye alikuwa daktari wa nyambizi na kwa wadhifa wake hakupaswa kubeba silaha ya kushambulia. Baada ya hapo Eck alisikia kwamba mabaharia wake wamevunjika moyo, akazungumza nao kwa kipaza sauti, akiwaambia kwamba wakizidiwa na huruma wawakumbuke wake na watoto wao wanaouawa na mabomu ya ndege nyumbani Ujerumani.

Asubuhi watu wanne walikuwa bado hai. Kefalas, aliyekuwa amejeruhiwa mkono, alifariki wiki kadhaa baadaye wakiwa bado baharini. Watatu waliosalia, yaani afisa mkuu Antonios Liossis, aliyekuwa na vipande vya bomu mwilini, Dimitrios Argiros na Rocco Said, walielea kwa zaidi ya mwezi mmoja hadi tarehe 20 Aprili, walipookotwa na meli ya Kireno Alexandre Silva. Hivyo usiri ambao Eck aliununua kwa maisha ya watu haukupatikana, kwani mashahidi walikuwepo tangu mwanzo.

Sehemu iliyobaki ya safari ni fupi kusimulia. Tarehe 1 Aprili, karibu na Cape Point ya Afrika Kusini, U-852 iliizamisha meli ya Uingereza Dahomian, yenye tani 5,277. Watu wawili walikufa na wengine 49 waliokolewa; hakuna aliyepigwa risasi majini. Hiyo ndiyo meli ya pili na ya mwisho ambayo nyambizi hiyo ilizamisha. Ikazunguka Rasi, ikapanda kaskazini hadi maji ya Somalia, mahali ambapo meli zinazoingia na kutoka Ghuba ya Aden hulazimika kupita.

Tarehe 2 Mei ndege ya doria ya aina ya Wellington iliikuta U-852 ikiwa juu ya maji na kuidondoshea mabomu yanayolipukia chini ya maji. Nyambizi ilizama kwa muda, lakini madhara yalikuwa makubwa: maji yalikuwa yakiingia, na gesi yenye sumu ilianza kutoka katika betri, jambo ambalo wanamaji wa nyambizi waliliogopa kuliko karibu kila kitu. Ikalazimika kuibuka, na tangu hapo haikuweza tena kujificha. Wellington sita za vikosi namba 8 na namba 621 vya jeshi la anga la Uingereza, vilivyokuwa na makao Aden, ziliishambulia kwa zamu siku hiyo na iliyofuata, huku mizinga ya nyambizi ikizijibu. Watu saba kati ya mabaharia wake waliuawa. Eck alipoona kwamba chombo hakiwezi kupona, alikielekeza nchi kavu, kikakwama, na watu wake wakatega baruti ili kukiharibu kabla ya kukihama.

Watu 59 walifika ufukweni wakiwa hai. Pwani ile wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Uingereza, tangu Waitaliano waliposhindwa mwaka 1941, na kwa hiyo babu yako kuwepo Somalia na kuisikia habari hiyo ni jambo linaloendana kabisa na historia. Wajerumani hao walikamatwa na wanamaji walioshuka kutoka manowari za Uingereza, wakisaidiwa na askari wa Kikosi cha Ngamia cha Somaliland. Baruti haikukamilisha kazi yake: katika mabaki Waingereza walipata hata kile chombo cha ajabu kilichoitwa Fa 330, kilichokuwa na mapanga kama ya helikopta lakini bila injini, ambacho nyambizi ilikivuta kwa kamba kama tiara, mlinzi akiwa ameketi juu yake ili aone mbali kuliko mtu aliye sitahani. Muhimu zaidi, kitabu cha kumbukumbu za safari kilinusurika. Humo ilionekana mahali ambapo U-852 ilikuwa tarehe 13 Machi, na hilo lilipolinganishwa na maelezo ya manusura watatu na ya mabaharia waliohojiwa, hapakubaki shaka ni nani aliyeishambulia Peleus.

Kesi ilisikilizwa Hamburg kuanzia tarehe 17 hadi 20 Oktoba 1945, mbele ya maafisa wa Uingereza pamoja na wa jeshi la majini la Ugiriki, washtakiwa wakiwa Eck, Hoffmann, Weispfennig, Lenz na Schwender. Shtaka lilikuwa moja, la kuhusika katika kuwaua mabaharia wa Peleus kinyume cha sheria na desturi za vita. Mawakili wa utetezi walitegemea nguzo mbili, nami nadhani kila moja inastahili kupimwa kwa haki.

Nguzo ya kwanza ilikuwa ya Eck mwenyewe, kwamba alilazimika kufanya hivyo ili kukinusuru chombo chake na watu wake. Hakujificha nyuma ya amri ya wakubwa. Alisema uamuzi ulikuwa wake na kuubeba. Schnee aliitwa kama shahidi ili aeleze hatari zilizokuwepo, na alizieleza vizuri, lakini alipobanwa aseme yeye angefanya nini, alijibu kwamba angejitahidi kuokoa maisha, na kwamba jambo lile alilielewa tu kama kitendo cha mtu aliyeshindwa na mishipa yake kutokana na mambo mazito aliyoyapitia. Baada ya shahidi wa utetezi kusema hivyo, sioni ni nini kilichobaki cha hoja ya ulazima.

Nguzo ya pili ilikuwa ya wale wanne, kwamba walitii amri ya kamanda. Hapa mahakama ilikuwa na mfano uliotoka Ujerumani yenyewe. Mwaka 1918 nyambizi U-86 iliizamisha meli ya hospitali Llandovery Castle, kisha ikazifyatulia mashua za manusura. Na mwaka 1921 mahakama ya Kijerumani mjini Leipzig iliwatia hatiani maafisa wawili, Dithmar na Boldt, ikisema kwamba amri ya kuwaua watu waliovunjikiwa na meli ni haramu kwa namna ambayo kila mtu anaifahamu, na kwa hiyo haimkingi anayeitii. Eck, Hoffmann na Weispfennig walihukumiwa kifo na kupigwa risasi pamoja. Lenz, kwa kuwa alipinga kwanza, alipewa kifungo cha maisha, na Schwender miaka 15; wote wawili waliachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Wako wanaouliza kama hiyo haikuwa haki ya mshindi tu, na swali hilo lina uzito. Januari 1943 nyambizi ya Kimarekani Wahoo iliwafyatulia risasi watu waliokuwa kwenye mashua baada ya kuizamisha meli ya Kijapani Buyo Maru, na Julai 1941 nyambizi ya Uingereza Torbay iliwafyatulia askari wa Kijerumani waliokuwa kwenye mashua za mpira karibu na Krete. Hakuna aliyeshtakiwa kwa matukio hayo. Ninakiri kwamba mizani haikuwa sawa, na ni kosa la kihistoria kuficha hilo. Lakini kutoshtakiwa kwa wengine hakuifanyi hukumu ya Hamburg kuwa batili, kwa sababu watu wa Peleus walikuwa mabaharia wa meli ya mizigo, hawakuwa askari wala hawakutishia chochote, na aliyewaua alikuwa na njia nyingine ya kujinusuru iliyokuwa wazi mbele yake.

Ama kuhusu kama amri ilitoka juu, Eck alihojiwa siku chache kabla ya kuuawa, kwa ajili ya utetezi wa Dönitz aliyekuwa akishtakiwa Nuremberg pamoja na viongozi wengine wa Ujerumani, na alisema hakupewa amri ya kuwaua manusura. Mwaka 1946 mahakama ya Nuremberg iliona kwamba haikuthibitika kwa uhakika kuwa Dönitz aliamuru mauaji ya watu wa aina hiyo, ingawa ilizilaumu vikali amri zake kwa kuwa na utata, na kifungo chake cha miaka 10 kilitokana na makosa mengine. Eck ndiye kamanda pekee wa nyambizi wa Kijerumani aliyehukumiwa baada ya vita hivyo kwa kuwaua manusura wa meli aliyoizamisha, na ndiye huyo ambaye babu yako alikuwa akimzungumzia.